Ni lini namkata mtoto kinyama cha ngozi

Watoto wengi wanaoletwa kwangu na magonjwa ya ngozi hawahitaji kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kupimwa maabara. Mzazi aliyemaliza maduka ya dawa bila nafuu hutaka kipimo kikubwa, nami namwelewa, lakini pumu ya ngozi hutambulika kwa macho na maelezo: mtoto anajikuna usiku, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekuwa minene na mikavu, nyumbani kuna mwenye pumu au mafua ya aleji. Nikipeleka kinyama chake maabara, majibu yatasema ekzema, na sura hiyo hiyo huonekana kwenye mzio wa kugusa na hata kwenye upele wa utitiri. Fangasi nayo nakwaruza magamba na kuyatazama kwa darubini siku hiyo hiyo. Kinyama nachukua pale jibu lake litakapobadilisha matibabu.

Ninachokihofia kuliko vyote ni mabaka meupe. Baka lililofifia shavuni mwa mtoto mdogo, lenye magamba laini, kwa kawaida ni pitiriasisi alba, ukavu wa ngozi usio na hatari. Tunapaka mafuta na kusubiri. Lakini akija na mabaka makalioni, mapajani na kiunoni, yamekaa miezi na krimu zimeshindwa, sisubiri. Kwanza natafuta ukoma: namwambia afumbe macho, namgusa kwa ncha ya pamba, aonyeshe kwa kidole nilipogusa. Kisha napapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na pembeni mwa goti. Hisia zikiwa sawa, bado nakata, kwa sababu ipo saratani ya limfosaiti (chembe nyeupe za damu za kinga) inayoanzia kwenye ngozi, maikosisi fangoidesi, na kwa watoto wenye ngozi nyeusi mara nyingi hujitokeza kwa weupe huo badala ya wekundu. Ikikamatwa mapema huitikia vizuri tiba ya mwanga. Ila inadanganya: kipande kimoja kinaweza kurudi na majibu ya ekzema. Nachukua kwenye zaidi ya baka moja, nikiwa nimesimamisha krimu za steroidi wiki 2 hadi 4, maana steroidi hufukuza zile seli tunazozitafuta. Ndiyo maana namwomba mama aje na kila tyubu aliyopaka, hata ile ya mchanganyiko aliyopewa na jirani.

Malengelenge yana utaratibu wake. Mtoto wa chekechea mwenye malengelenge yaliyopangana kama shanga pembezoni mwa vidonda, kuzunguka mdomo na sehemu za siri, nafikiria ugonjwa wa IgA ya mstari (IgA ni aina ya kingamwili), ambapo kinga ya mwili inaishambulia ngozi yenyewe. Hapo nachukua vipande viwili: lengelenge jipya, linalowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vipande, na ngozi isiyoathirika iliyo pembeni yake kwa ajili ya imunofluoresensi, kipimo kinachofanya kingamwili zing'ae kwenye darubini. Hicho cha pili kikitumbukizwa kwenye formalini kimeharibika. Nakiweka kwenye maji ya dripu ya chumvi na kifike maabara ndani ya saa 24, kwa hiyo napiga simu huko kabla sijakata.

Madoa ya damu miguuni yakija pamoja na maumivu ya tumbo na viungo, kwa mtoto ni vaskulaitisi ya IgA mara nyingi, yaani uvimbe wa mishipa midogo ya damu. Kupima mkojo na presha kuna maana kuliko kisu. Kichanga aliye mwekundu mwili mzima, haongezeki uzito na haachi kuugua maambukizi, huyo namkata mapema, sambamba na vipimo vya kinga.

Kazi yenyewe ni dakika chache. Krimu ya ganzi inakaa saa nzima chini ya plasta, halafu sindano ya ganzi ya lignokeini kwa uzito wa mtoto, isizidi miligramu 4.5 kwa kilo ikiwa haina adrenalini. Mama anampakata, anayenyonya, anyonye. Kifaa cha duara cha milimita 4 kinatosha. Kifua na mabega nayakwepa nikiweza, kwa hofu ya keloidi, kovu linalovimba. Nyuzi za usoni natoa siku ya 5 hadi ya 7, za miguuni naziacha mpaka wiki 2.