Alama ya udhaifu haipimwi kwa mzee anavyoonekana kwenye machela

Mzee wa miaka 78 ameletwa na nimonia, joto 39, hakai bila kushikwa, na kwenye faili ameandikiwa udhaifu alama 7. Wiki mbili kabla alikuwa anakwenda shambani kwa miguu na kulima. Wenzangu, huyo si 7. Ni 3, pengine 2. Kosa hili limezidi.

Skeli ya udhaifu ya Rockwood, ya alama 1 (mwenye nguvu kabisa) hadi 9 (anayekaribia kufa), iliyotoka Halifax, Kanada, inauliza mgonjwa alikuwaje wiki mbili kabla ya ugonjwa huu. Ukimpimia hali ya leo unapima nimonia, na kwa hilo presha, upumuaji na oksijeni vinatosha. Wenzetu wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) wakiiona hiyo 7, mzee aliyestahili kitanda anakikosa. Umri nao peke yake hauongezi alama hata moja.

Usiulize ndugu "anajiweza?" Utajibiwa "anajiweza" kwa heshima, au "ni uzee tu". Uliza vitendo. Dawa zake anazipanga nani? Pesa anashika nani? Akipanda gari, anakwenda peke yake? Akisaidiwa hayo, anaelekea 5. Akisaidiwa kuoga na shughuli zote za nje ya nyumba, 6. Akitegemea watu kwa kila kitu cha mwilini, 7.

Hapa ndipo penye ugumu kwetu. Bibi hapiki kwa sababu mkwe anapika. Babu hajawahi kupika maishani. Hakuna alama ya udhaifu katika hayo. Swali linalosaidia ni: mwaka jana alikuwa anafanya nini ambacho ameacha, na kwa nini? Aliyeacha kwenda sokoni kwa sababu ya magoti, pumzi au kusahau njia, hesabu. Aliyeacha kwa sababu watoto wamemkataza kujichosha, usihesabu, ila uliza kilichowatia hofu, maana mara nyingi alianguka. Hata hivyo, kati ya 4 na 5 wapimaji wawili makini wanaweza kutofautiana, na sioni skeli ikilimaliza hilo. Andika sababu kando ya namba.

Mguu wa polio tangu utotoni si udhaifu wa uzeeni. Na skeli ilithibitishwa kwa wenye miaka 65 na zaidi, ilhali sera yetu Tanzania inamhesabu mzee kuanzia 60. Kwa walio katikati, siamui jambo kwa namba hiyo.

Akifika udhaifu alama 5, fanya papo hapo 4AT, kipimo kifupi cha deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla. Ndugu akisema "tangu juzi amebadilika, anaongea ovyo", hiyo pekee ni alama 4 za 4AT, na 4 zinatosha kushuku deliriamu. Mtihani wake wa kutaja miezi kinyumenyume unamwonea asiyesoma. Wengi tunauliza siku za juma, lakini kipimo cha majibu 7 sahihi kiliwekwa kwa miezi, kwa hiyo sehemu hiyo naiamini kidogo.

Kisha mwaga mfuko wa dawa mezani. Tafuta zinazoweza kumdhuru mzee: piritoni, amitriptilini, diazepamu, diklofenaki. Aliyeanguka mpime presha akiwa amelala dakika 5, kisha akisimama, dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, una sababu ya kushughulikia. Mpira wa mkojo usiwekwe kwa sababu tu hakuna mtu wa kumpeleka chooni. Unaleta maambukizi, na mzee aliyechanganyikiwa ataung'oa puto linaloushikilia ndani likiwa bado limejaa.