Dhana potofu kuhusu NEMA, leseni na uharibifu wa Pwani ya Kenya

Mikoko ikifyekwa Tudor au majitaka yakiteremshwa kwenye hori la Mtwapa, maelezo utakayoyasikia ni yale yale: sheria hatuna, serikali haina uwezo, wavuvi ndio waharibifu, na raia wa kawaida afanye nini. Mengi ya hayo si kweli, na yanamfaa sana aliyepewa kazi ya kusimamia akalala.

Dhana: Hatuna sheria za kutosha

Tunazo, tena tele. Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ile EMCA, ni ya 1999 na ilirekebishwa 2015. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, ilizaliwa humo. Kuna kanuni za ubora wa maji, kuna sheria ya uvuvi ya 2016, na juu ya zote kuna Katiba ya 2010, ambayo Kifungu chake cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Ukiongeza sheria nyingine leo utakuwa umeongeza karatasi.

Dhana: Mradi wenye leseni ya NEMA ni mradi salama

Hii ndiyo inayotuponza zaidi. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, lakini anayemlipa ni mwenye mradi. Sisemi wataalamu wote ni waongo. Nasema ni vigumu kumwambia anayekulipa kwamba kiwanja chake kisijengwe. Leseni ikitoka huja na masharti, na mwenye mradi anatakiwa kukagua shughuli zake na kupeleka ripoti za ukaguzi. Hapo ndipo kazi ya msimamizi inapoanza, lakini mara nyingi ndipo inapokomea.

Tazama Owino Uhuru, kijiji cha watu wapatao 3,000 huko Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi kikipakana na nyumba za watu. Moshi uliwaingia ndani, na maji yenye sumu yakapita katikati ya makazi, kwenye mitaro wanakochezea watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya madini hayo ya risasi mwilini. Wakazi wakaandamana, wakaandika barua, wakabisha kila mlango. Kiwanda kilikuja kufungwa kabisa 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ilipogawa lawama, fungu kubwa zaidi, asilimia 40, likaiangukia NEMA. Mlinzi alibebeshwa mzigo mkubwa kuliko kiwanda chenyewe.

Lamu nako, Septemba 2016, NEMA iliupa leseni mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira, NET, likaifuta. Sababu mojawapo ni kwamba mikutano na wananchi ilifanywa kabla ripoti ya tathmini haijakuwa tayari, kwa hiyo watu waliulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hawakuwa na nafasi ya kukisoma. Leseni ilikuwepo, ina muhuri na kila kitu.

Dhana: Wavuvi na wakata boriti ndio wanaoimaliza Pwani

Juya, ule wavu mkubwa wa kuburura, likikokotwa juu ya majani ya bahari na matumbawe huzoa mpaka samaki wachanga. Hilo halina ubishi, na ndiyo maana lilipigwa marufuku 2001 pamoja na bunduki za kuvulia. Mkata mikoko bila kibali naye ana hatia. Lakini mvuvi hushikwa zaidi kwa sababu anashikika: anarudi ufukweni saa inayojulikana, mahali panapojulikana, na nyavu zake zinachomwa hadharani mbele ya kamera. Sijawahi kuona ukuta wa hoteli uliojengwa ndani ya maji ukichomwa mbele ya kamera.

Isitoshe, kanuni za 2007 zilivikabidhi vikundi vya BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, sehemu ya ulinzi wa fuo na uvuvi. Ukivitembelea vingi utakuta katiba ya kikundi, daftari la wanachama na mhuri. Boti ya doria hakuna, au ipo na petroli hakuna.

Halafu kuna Kuruwitu, Kilifi, ambako wavuvi wenyewe walitenga mwaka 2005 eneo la kama hekta 30 lisivuliwe, na Gazi, Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya kaboni, yaani unalipwa kwa kaboni inayofyonzwa na mikoko inayotunzwa, tangu miaka ya mwanzo ya 2010 na mapato yake yanaingia kwenye maji na shule za vijiji. Waliosimamia ulinzi huko ni watu wenye dhiki ile ile tunayoitaja kila tunapowalaumu.

Dhana: Serikali haina uwezo

Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Madukani ilitoweka upesi, ingawa bado inapenyezwa mipakani. Ofisi zilikuwa zile zile, maafisa wale wale. NEMA ina watu wachache mikoani, sawa, lakini 2017 pia walikuwa wachache.

Dhana: Hilo ni la kaunti, si la NEMA

Au kinyume chake, kutegemea umeingia ofisi ya nani. Huduma ya majitaka ni ya kaunti. Leseni ya kumwaga maji machafu kwenye mazingira ni ya NEMA. Wakikurushiana, waandikie barua moja yenye majina ya wote wawili.

Dhana: Mahakama ikishaamua, mambo yamekwisha

Hukumu ya Owino Uhuru ilitenguliwa kwa sehemu na Mahakama ya Rufaa 2023, na wakazi wakangoja hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirejesha. Hapo ilikuwa imepita miaka kumi tangu kiwanda kifungwe, na risasi haiozi ikaisha udongoni.

Dhana: Huwezi kushtaki mpaka uwe umedhurika wewe mwenyewe

Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hiki ni kifungu chenye nguvu, na wanaokijua kule vijijini ni wachache.

Cha kuangalia ni kalenda. Anayepinga leseni ya NEMA kwenye NET ana siku 60 tu, na rufaa nyingi zimetupwa kwa kuchelewa, si kwa kukosa hoja. Kwa hiyo ukiona mabati ya uzio yamesimamishwa kando ya mikoko, siku hiyo hiyo soma kibao cha mradi, piga picha zenye tarehe, kisha uandikie ofisi ya NEMA ya kaunti ukiomba nakala ya leseni na masharti yake. Nenda na nakala mbili za barua. Moja waachie, nyingine wakugongee mhuri wa kupokelewa.