Je, wajua kwa nini nduaro si ndugu wa karibu wa jodari?

Jodari na nduaro wakilazwa pamoja sokoni, ukisema ni ndugu hakuna atakayebisha. Migongo ya buluu iliyokoza, mikia ya umbo la hilali, miili iliyochongeka kwa mbio za bahari kuu. Wataalamu wa samaki nao walisadiki hivyo, na kwa miaka mingi vitabu viliwaweka kundi moja na nguru na vibua.

DNA imewatenganisha. Nduaro ana undugu zaidi na kolekole, mzia, chazo anayejinatisha kwa papa na kasa, na hata gayogayo, yule samaki bapa anayelala mchangani macho yote mawili yakiwa upande mmoja! Jodari naye yuko karibu zaidi na mkundaji na farasi wa baharini.

Limejulikanaje? Kazi huanza na kipande cha mnofu au ncha ya pezi iliyohifadhiwa kwenye alkoholi. Maabara hutoa DNA, hurudufu sehemu fulani ya jeni mpaka nakala ziwe mamilioni, kisha husoma mpangilio wa herufi zake nne: A, C, G na T. Jeni hiyohiyo husomwa kwa kila samaki, na herufi hupangwa sambamba.

Kinachotafutwa ni makosa ya kunakili. Mchunguzi wa tenzi za kale hufanya vivyo hivyo: miswada miwili ikiwa na kosa lilelile katika ubeti uleule, huenda yote ilitoka kwenye nakala moja iliyokosewa. DNA nayo hunakiliwa kila kizazi, na kosa likishaingia huweza kurithiwa na uzao wote.

Ugumu upo, na kwangu ndio utamu wa fani hii. Kwa kuwa herufi ni nne tu, samaki wasio na undugu wa karibu wanaweza kupata badiliko lilelile kwa bahati. Jeni moja haitoshi. DNA ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati), yenye herufi 16,500 hivi na inayorithiwa kwa mama, hubadilika haraka, kwa hiyo inafaa kwa samaki walioachana karibuni. Kwa koo zilizoachana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, badiliko huja juu ya badiliko mpaka alama za mwanzo zikafutika. Hapo husomwa jeni nyingi za kiini cha seli, zinazobadilika polepole.

Mwaka 1993 mwanabiolojia Barbara Block na wenzake, wakitumia jeni moja ya mitokondria, walionyesha kwamba uwezo wa kupasha mwili joto ulizuka kwa jodari na nduaro kila mmoja kwa njia yake. Tafiti za 2006 na 2010 zikamtoa nduaro kwenye ukoo wa jodari, na zilizosoma jeni nyingi baadaye zikakubali.

Ukiwapasua, tofauti hiyo inaonekana. Jodari hutunza joto la misuli yake ya kuogelea: mishipa ya damu imesongamana kiasi kwamba damu yenye joto inayotoka kwenye misuli huipasha ile baridi inayotoka kwenye matamvua. Nduaro hana mpango huo. Msuli wake mmoja wa jicho umegeuka kuwa kiungo cha kuzalisha joto, nalo huenda kwenye macho na ubongo tu, ili aone vyema anapowinda katika maji baridi ya kina kirefu.