Usimwombe mtarajali ruhusa, hana ya kukupa

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Mama niliyesoma naye sekondari, jirani wa kaka yangu, mwalimu wangu wa zamani wa baiolojia: kila mmoja ana kijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) anayetaka udaktari, na wote wana ombi lile lile. "Daktari, mchukue hata wiki moja tu, aje aone mnavyofanya kazi." Jibu langu halibadiliki. Asinifuate mimi, amfuate mtarajali. Na akitaka kumfuata mtarajali, asimwombe mtarajali.

Mimi ni bingwa wa upasuaji katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Nimeona vijana wakija vizuri na nimeona wakija vibaya, na mara nyingi tofauti ilianzia kwenye karatasi moja ambayo haikuandikwa.

Kwa asiyejua, mtarajali ndiye yule ambaye wengi bado wanamwita intani. Amemaliza miaka 5 ya chuo, shahada anayo, wagonjwa wanamwita daktari na kweli ni daktari. Lakini Baraza la Madaktari Tanganyika limempa usajili wa muda tu, mpaka amalize mwaka 1 wa kufanya kazi chini ya usimamizi, akizunguka idara kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Usimchanganye na rezidenti, ambaye ni daktari mwenye usajili kamili aliyerudi shule kusomea ubingwa.

Kwa nini yeye na siyo mimi? Kwa sababu ukinifuata mimi utaona mtu anayepita. Kwenye raundi nasimama kitandani dakika chache, nasema, "Huyu apigwe ultrasaundi, picha kamili ya damu irudiwe, kesho aingie thieta," kisha naenda kitanda kinachofuata. Sentensi hiyo kwa mtarajali ni kazi ya nusu siku. Atoe damu. Aingize ombi kwenye kompyuta, mfumo ugome, aandike kwenye karatasi. Apeleke chupa maabara kwa miguu yake, aambiwe kifuniko chekundu sicho, wanataka cha zambarau, arudi atoe damu tena. Kisha awatafute ndugu waje wachangie damu, na ndugu wenyewe wako kijijini, simu haipatikani. Na asubuhi yake ilianza kabla ya saa 1, maana kwenye ripoti ya asubuhi ndiye anayesimama mbele ya mabingwa kueleza usiku ulikwendaje: nani kaingia, nani kapasuliwa kwa dharura, nani katutoka.

Kamtazame mtarajali wa wiki ya pili akitafuta mshipa wa mzee aliyetapika siku 3. Anafunga mpira mkononi, anapapasa, anapigapiga ngozi kwa vidole viwili, anachoma, hamna. Anahamia mkono wa pili. Jasho linamtoka. Mzee anamwambia, "Pole mwanangu," mgonjwa anampa pole daktari. Akikosa tena anatupa sindano kwenye kisanduku cha manjano na kwenda kumwita nesi wa zamu, mama wa miaka mingi kazini. Mama anakuja bila haraka, anaugeuza mkono wa mzee kidogo tu, anaingia upande wa kidole gumba, damu hiyo. Mtarajali anasema, "Asante mama," kisha anauangalia ule mkono kwa muda, anaukariri. Mambo kama hayo huwezi kuyaona ukiwa nyuma yangu, kwa sababu mimi nilishasahau kwamba niliwahi kutoyajua.

Sasa kuhusu ruhusa. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi wakati huo, mtarajali mmoja alimleta binamu yake. Kijana mzuri, mpole, alikuwa anasubiri kuingia chuo. Hakukuwa na barua wala taarifa kwa yeyote. Alipewa koti jeupe la akiba akaambiwa asimame karibu. Asubuhi moja mtarajali aliitwa mapokezi, akamwacha kijana wodini. Kitanda cha karibu alilala bibi mwenye ngiri ya kitovu, wa kwanza kwenye orodha ya thieta siku hiyo. Mkwewe akaja na chupa ya chai iliyojaa uji wa maziwa. Bibi akamwona mtu wa koti jeupe, akauliza, "Daktari, naweza kunywa uji kidogo? Tumbo linaniuma kwa njaa." Kijana akajibu kama mjukuu yeyote angejibu, "Kunywa tu bibi, upate nguvu."

Bibi akanywa vikombe viwili. Mtaalamu wa usingizi alipokuja kumwandaa na kumuuliza mara ya mwisho alikula nini, bibi akasema ukweli wote. Kabla ya dawa ya usingizi mgonjwa anatakiwa awe hajala chakula walau saa 6, na uji wa maziwa unahesabiwa kama chakula. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu akiwa hajitambui. Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake. Bibi alipona salama, lakini alishinda njaa siku ya pili, na mkwewe alilipa nauli mara mbili. Mtarajali aliitwa ajieleze kwa maandishi. Kijana hakuulizwa kitu, kwa sababu kwa kumbukumbu za hospitali hakuwepo.

Ndiyo maana nasema usimwombe mtarajali. Hana ruhusa ya kukupa, na yeye mwenyewe yuko pale kwa usimamizi. Akikubali, amekubali kwa aibu ya ndugu, na jambo likiharibika litamwangukia yeye.

Anayeombwa ni Mganga Mfawidhi, yaani daktari anayeiongoza hospitali. Andika barua ya ukurasa mmoja. Barua nyingi ninazoziona zinaanza na aya mbili za ndoto ya tangu utotoni na msiba wa babu. Sizidharau, lakini Mganga Mfawidhi ana lundo la barua mezani na anachotafuta ni kichwa cha habari. Kichwa kizuri ni kama hiki: YAH: OMBI LA KUJIFUNZA KWA KUANGALIA IDARA YA UPASUAJI, SIKU 5. Kisha sema wewe ni nani, umemaliza wapi, unaomba tarehe gani hadi gani, ungependa upangwe na daktari mtarajali, na mstari huu usiuache: "Ninaelewa kuwa sitamgusa mgonjwa wala kushiriki katika matibabu." Mstari huo peke yake humwondolea msomaji nusu ya wasiwasi. Ambatisha barua ya utambulisho kutoka shuleni au ofisi ya serikali ya mtaa, nakala ya kitambulisho, na kama hujafikisha miaka 18, idhini ya mzazi yenye sahihi na namba ya simu. Omba siku 5, usiombe mwezi. Siku 5 ni rahisi kukubaliwa, na ukiwa na adabu utaongezewa bila hata kuomba.

Peleka masjala kwa mkono, na nakala ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo itunze. Barua itapanda kwa Mganga Mfawidhi, ataandika pembeni kwa kalamu kwamba mkuu wa idara ashughulikie, itateremka kwa mkuu wa idara, naye atamwita mratibu wa mafunzo au kumtajia mtarajali wa zamu. Kila meza ni mahali ambapo barua inaweza kulala. Baada ya wiki nenda ukaulize, ukiwa na ile nakala yenye muhuri. Usimpigie simu daktari unayemfahamu ili "aisukume". Mara nyingi hilo linaichelewesha, maana aliyenayo mezani anasubiri huyo daktari aje mwenyewe. Na ukiambiwa kuna ada, lipa kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu mkononi.

Ukishaingia, utapewa fomu ya kutunza siri. Isome kabla ya kusaini, siyo mapambo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Kwa lugha ya wodini ni kwamba simu inakaa mfukoni. Hakuna picha ya kidonda hata kama uso hauonekani, hakuna stetasi ya "leo nimeona kesi moja hatari", hakuna kumsimulia shangazi kwamba umemkuta mzee fulani wa mtaa wenu wodi namba fulani. Kuwa na kidaftari kidogo, andika ugonjwa na maswali yako, jina la mtu usiliandike.

Koti jeupe usivae. Najua linatamanisha, na wapo watakaokuazima kwa moyo mwema. Vaa nguo za heshima, viatu vya kufunika vidole, na kitambulisho kilichoandikwa MGENI kwa herufi kubwa. Yule bibi asingemwomba ruhusa ya uji mtu mwenye kitambulisho cha mgeni. Na popote mnaposimama, mtarajali akutambulishe: "Bibi, huyu ni mwanafunzi anajifunza, unaridhia awepo?" Akisema hapana, toka nje bila kununa. Kwenye wodi ya wazazi utaambiwa hapana mara nyingi, hasa ukiwa mvulana, nao wana haki.

Halafu kuna salamu. Raundi inakwenda kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, na vijana hudhani pale mlangoni adabu za nyumbani zinabaki nje. Mgonjwa aliyekuzidi umri anapewa shikamoo, hata kama kalala na mpira wa mkojo. Manesi vivyo hivyo. Muuguzi kiongozi wa wodi ndiye mwenye nyumba. Mpitie asubuhi kabla ya mtu mwingine yeyote, umweleze u nani na nani kakuruhusu. Nimewahi kumwona kijana mwenye barua safi ya Mganga Mfawidhi akishinda kwenye benchi hadi saa 6 mchana kwa sababu alimpita yule mama kama kabati.

Thieta ni kitu kingine. Watu wanazimia, na siyo waoga tu. Chumba kina joto au baridi ya ajabu, umesimama saa 2 bila kusogea, barakoa usoni, harufu ya nyama inayounguzwa na umeme hukuizoea, na asubuhi hukula kwa sababu ya woga. Kunywa chai nzito kabla hujaja (wewe hupasuliwi). Ukiona masikio yanavuma au macho yanaingia giza, rudi nyuma, ukae sakafuni pale pale. Hakuna atakayekucheka, au watakucheka baadaye. Usiangukie mbele. Vile vitambaa vya kijani vimetakaswa, na kiwiko chako kimoja kitatufanya tuanze upya.

Vitu vyenye ncha kali usivishike, hata kuokota sindano iliyoanguka. Ikitokea umechomwa, usifiche kwa aibu. Osha kwa maji tiririka na sabuni, mwambie mtarajali dakika ile ile, maana dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na zinatumiwa siku 28. Na kama kweli unaelekea udaktari, anza mapema chanjo ya homa ya ini B. Dozi zake 3 kwa ratiba ya kawaida zinachukua miezi 6.

Swali ambalo wazazi hawaliulizi waziwazi ni kama wiki hiyo itamsaidia kijana kupata chuo. Hapa kwetu, hapana. Vyuo vinaangalia alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia. Walioko Marekani wana sababu yao, kwa kuwa huko waombaji huhesabu saa walizomfuata daktari na kuziandika kwenye maombi, na kila likizo napata mtoto wa Mtanzania wa huko aliyekuja na fomu ya kusainiwa. Naisaini kwa saa alizokaa kweli. Mmoja aliniomba niandike 80, alikuwa amekaa 19. Niliandika 19.

Wewe wa hapa huna fomu ya kujaza, na nadhani una bahati. Kaa mpaka saa 9:30 wengine wanapoondoka, ukiruhusiwa baki na mtarajali aliye zamu hadi saa 4 usiku, uone sura yake inavyokuwa dharura ya tatu ikiingia na hajala tangu mchana. Muulize, akipata nafasi, kama angechagua tena. Nimewasikia wakijibu. Majibu yao hayafanani, na mengine nisingependa mwanangu ayasikie, ila wewe yasikilize.

Jumatatu ya kwanza njoo mapema. Getini mlinzi atakuuliza unakwenda wapi na saa za kuona wagonjwa zimepita, na hatajali kwamba unamjua daktari gani. Mwonyeshe barua. Iwe ya karatasi. Nimeshateremka getini mara mbili kumchukua mtu ambaye barua yake ilikuwa kwenye simu iliyoisha chaji.