Sudan Kusini: tarehe ipo, kazi ya uchaguzi iko wapi?

Niliwahi kukaa katika chumba kimoja cha mikutano mjini Juba, kwenye safu ya nyuma wanakokaa washauri, wakati ujumbe mmoja wa kidiplomasia ukitunga tamko lake. Saa mbili nzima zilikwisha wakibishana kama waandike uchaguzi ufanyike "kwa wakati uliopangwa" au "bila kucheleweshwa tena". Nje mvua ilikuwa inamwagika. Hakuna aliyeuliza vifaa vya kuandikisha wapigakura vingefikaje Pibor au Maban, ambako barabara hugeuka tope kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali ya aina hiyo, nilinyamaza kwa kuwa itifaki haikunipa nafasi ya kusema. Jambo hilo bado linaniuma.

Naandika haya kwa sababu mjadala wa uchaguzi wa Sudan Kusini, hata huku kwetu Afrika Mashariki, umebaki kuwa mjadala wa tarehe.

Tuanze na historia, kwa kifupi. Wananchi wa nchi hiyo walipiga kura ya wabunge na viongozi Aprili 2010, kabla ya uhuru, kisha kura ya maoni ya Januari 2011 iliyoleta uhuru wenyewe. Baada ya hapo, basi. Vita vilizuka Desemba 2013, makubaliano ya 2015 yakavunjika Julai 2016, na makubaliano mapya yakatiwa saini Addis Ababa tarehe 12 Septemba 2018. Serikali ya umoja iliundwa Februari 2020, Salva Kiir akiwa Rais na Riek Machar, hasimu wake wa vitani, Makamu wa Kwanza. Mwaka 2022 kipindi cha mpito kikaongezwa miezi 24, uchaguzi ukapangwa Desemba 2024. Septemba 2024 kikaongezwa tena miezi 24, na tarehe ikawa 22 Desemba 2026. Mtoto aliyehesabiwa kwenye sensa ya 2008 akiwa mgongoni mwa mama yake anafikisha umri wa kupiga kura mwaka huo huo, na nchi haijahesabu watu tena tangu siku ile.

Sensa ile inastahili kutazamwa kwa makini. Ilitoa idadi ya watu milioni 8.26 kwa kusini, na viongozi wa kusini wenyewe waliikataa, wakisema watu wao wamepunguzwa. Sasa majimbo ya uchaguzi yachorwe kwa takwimu zipi? Ukitumia za 2008, unatumia hesabu iliyokataliwa na wenye nchi, na ambayo vita vimeivuruga: zaidi ya watu milioni mbili wako ukimbizini Uganda, Sudan, Ethiopia, Kenya na kwingineko, na wengine karibu idadi hiyo wamehama makwao wakiwa ndani ya nchi. Ukisubiri sensa mpya, unahitaji usalama na fedha ambazo hazipo. Kila chama kinajua kwamba mchoro wa majimbo ndio unaoamua nani atapata viti vingapi, kwa hiyo ni wachache wanaoligusa suala hili hadharani. Ni rahisi zaidi kutoa hotuba kuhusu tarehe.

Wanadiplomasia nao wamegawanyika kwa namna ninayoielewa, ingawa siikubali. Wapo wanaosema tarehe isiguswe, kwa sababu kila nyongeza inawapa waliomo serikalini miaka mingine ya madaraka bila ridhaa ya mwananchi. Wapo wanaosema uchaguzi bila katiba ya kudumu, bila vikosi vilivyounganishwa na bila daftari la wapigakura linaloaminika ni kuwasha kiberiti karibu na petroli. Wote wana hoja. Makosa yako mahali pengine: kuahirisha kumekuwa hakuna bei. Hakuna nyongeza hata moja iliyofungwa na kazi mahususi, yenye mwenyewe wa kuifanya na matokeo kwa asiyeifanya.

Bara letu lina mifano miwili ambayo ningependa kila balozi anayepangiwa Juba aisome kabla hajafungua begi. Angola ilipiga kura Septemba 1992 kwa tarehe iliyopangwa. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuwa mdogo mno kwa nchi kubwa namna ile, na majeshi ya pande mbili yalikuwa hayajavunjwa. Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, alipoona matokeo, alirudi vitani, na vita vile viliendelea karibu miaka kumi mingine.

Msumbiji ilikuwa ipige kura 1993. Aldo Ajello, aliyeongoza ujumbe wa Umoja wa Mataifa Maputo, alikuwa ameiona Angola. Uchaguzi ukasogezwa hadi Oktoba 1994, lakini mwaka ule haukupita bure. Wapiganaji waliingia makambini, wakahesabiwa, wakapokonywa silaha, wakapewa cha kuanzia maisha. Mfuko maalumu ulianzishwa kusaidia Renamo igeuke kutoka kundi la msituni kuwa chama chenye ofisi na wagombea. Mabalozi walikaa katika tume moja ya usimamizi na walijitahidi kuzungumza kwa sauti moja. Hata hivyo, usiku wa kuamkia kura kiongozi wa Renamo, Afonso Dhlakama, alitangaza kususia. Simu zilipigwa usiku na mchana, akarudi, na siku ya tatu ya kupiga kura ikaongezwa. Ukiniuliza diplomasia ya uchaguzi ni nini, nitakuonyesha saa zile. Lakini simu zile zilikuwa na uzito kwa sababu ya kazi ya miaka miwili iliyotangulia. Dhlakama alikuwa na kitu cha kupoteza.

Juba, nani ana kitu cha kupoteza? Makubaliano ya 2018 yalipanga jeshi la pamoja la watu 83,000. Kundi la kwanza lilihitimu Agosti 2022 kwa gwaride kubwa, wengi wakabaki bila silaha, bila mishahara, bila vituo vya kupangiwa. Mwezi mmoja kabla ya gwaride hilo, Marekani ilikuwa imesitisha fedha zake kwa vyombo vya kufuatilia makubaliano, ikilalamikia viongozi kukosa nia. Naelewa hasira hiyo. Lakini ukimwondoa mwenye daftari la mahudhurio, wanafunzi hawatasoma zaidi kwa sababu hiyo.

Wadhamini wa makubaliano hayo nao wana yao. Khartoum iliyosaidia kupatanisha 2018 iko vitani tangu Aprili 2023. Uganda, mdhamini mwingine, ilipeleka wanajeshi Juba Machi 2025 baada ya mapigano ya Nasir, mji wa Upper Nile. Kenya ilianzisha mazungumzo ya Tumaini Mei 2024 kwa ajili ya makundi yasiyotia saini. Machar alipozuiliwa nyumbani kwake mwishoni mwa Machi 2025, hayati Raila Odinga alitumwa Juba kupatanisha, akaonana na Kiir lakini hakuruhusiwa kumwona Machar. Septemba mwaka huo Machar alipandishwa kizimbani kwa mashtaka yakiwemo ya uhaini na mauaji. Mjumbe anayezuiwa kumwona upande wa pili hana mazungumzo ya kuendesha, na jambo hilo lilipaswa kuwa la kwanza mezani mwa IGAD (jumuiya ya nchi za Pembe na Mashariki ya Afrika), Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa, mbele ya suala lolote la kalenda.

Ningekuwa na nafasi ile niliyoikosa siku ile ya mvua, ningehesabu kwa sauti kurudi nyuma. Kura ipigwe mwezi wa kumi na mbili. Karatasi za kura zichapishwe na kusambazwa baada ya wagombea kuthibitishwa. Wagombea wathibitishwe baada ya majimbo kujulikana. Daftari lifunguliwe, wananchi walikague, mapingamizi yasikilizwe, na kazi hiyo ifanyike barabara zikiwa kavu, maana yake kati ya mwezi wa kumi na moja na wa nne wa msimu uliotangulia. Kwa hiyo msimu wa kiangazi ukipita bila fedha kufika kwenye Tume ya Taifa ya Uchaguzi, mwaka mzima umekwenda, hata kama tamko linasema vipi.

Kisha ningemgeukia kila mjumbe na kumuuliza serikali yake italipia nini hasa: mafuta ya helikopta za kwenda Jonglei na Upper Nile, mishahara ya makarani, au makazi ya vikosi vya pamoja. Na ningewauliza wenyeji wetu wa Juba ni siku gani Tume itapewa fedha zake za bajeti, kisha ningeomba jibu hilo liandikwe kwenye tamko, kwa tarehe na kwa kiasi, mahali palepale tulipokuwa tunabishania neno "kucheleweshwa".