Kanga ya mke wa sultani

Huku kwetu Lindi wengi tunaamini kanga ndiyo vazi la Kilwa ya kale, hivyo mke wa sultani akiigizwa kwenye tamasha hufungwa kanga. Inaeleweka, nani amemkumbuka bibi yake bila kanga? Ila Kilwa Kisiwani ilistawi zaidi kati ya karne ya 13 na ya 15, na kanga ilienea pwani mwishoni mwa karne ya 19. Nguo zilikuwepo: waakiolojia walikuta huko vigae vya vyungu vilivyotobolewa katikati, vya kusokotea uzi wa pamba.

Ukitazama igizo, linganisha enzi ya mhusika na umri wa vazi. Soma pia jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake: herufi za Kirumi zilikuja baadaye, Kiswahili kikiwa kimeandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu. Mimi kanga hainikeri, mradi mshereheshaji aseme kuwa si vazi la enzi hiyo.