Turbo Siyo Inayoua Injini: Dhana Potofu za Subaru ya Turbo na Ukweli Wake

Taja Subaru yenye turbo mbele ya watu watano, na watatu watakukataza usinunue. "Itanoki hiyo." Nimeambiwa hivyo kwenye maduka ya spea Kariakoo, nimeambiwa Arusha, na hata Nairobi, mji unaozipenda Subaru kuliko mji mwingine ninaoujua, hukosi mtu wa kukwambia kuwa nguvu ya turbo ni deni ambalo injini italilipa. Forester ninayoendesha leo ni ya pili. Ya kwanza, yenye injini ileile ya EJ20, ya ukoo wa EJ wa Subaru, ilinoki mikononi mwangu, na kwa muda mrefu niliilaumu turbo. Nilikosea. Mwenye gari kama hili ningependa ayajue haya kabla hajatoa hela yake.

"Turbo haikai, hasa ya Subaru"

Mwanzoni mwa 1989 Subaru walipeleka Legacy RS kadhaa kwenye uwanja wa majaribio huko Arizona, Marekani, wakaziendesha usiku na mchana kwa zaidi ya siku 18. Zilisimama kuweka mafuta, kubadilisha dereva na kuhudumiwa, kisha zikarudi kazini. Gari lililoongoza lilipotimiza kilomita 100,000, wastani wake ulikuwa kilomita 223.345 kwa saa, muda wa kusimama ukiwa umehesabiwa humohumo. Ni kama kutoka Dar kwenda Mwanza na kurudi zaidi ya mara 40. Injini iliyofanya kazi hiyo ni EJ20 ya turbo, ukoo uleule ulioingia kwenye Impreza WRX mwaka 1992 na Forester mwaka 1997.

Kwa hiyo injini inaweza. Cha kuuliza ni kwa nini ikifika kwetu inashindwa. Turbo ni magurudumu mawili madogo kwenye mhimili mmoja: moja linazungushwa na moshi unaotoka, la pili linashindilia hewa inayoingia kwenye silinda. Mhimili huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo nyingi umebebwa na utando mwembamba wa oili tu. Oili hiyohiyo ndiyo inayobeba krenki, mhimili mkuu wa injini. Ikipungua, ikichoka au ikiungua, turbo na beringi za krenki vyote vinaumia, na anayetajwa kwenye msiba ni turbo peke yake.

"Taa ya oili haijawaka, basi oili ipo"

Hapa ndipo nilipoipoteza injini yangu. Nilitoka Dar alfajiri kuelekea Iringa. Oili ilikuwa imebadilishwa kilomita 4,000 hivi nyuma, nami niliamini kwamba kati ya sevisi na sevisi hakuna cha kukagua. Baada ya Mikumi taa nyekundu ilipepesa nikiwa kwenye kona, ikazima. Nikajiambia ni waya. Ikarudi nikipanda Kitonga, safari hii pamoja na mlio wa kugonga kutoka chini, ko-ko-ko, unaokwenda mbio kadiri ninavyokanyaga. Nilizima, nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia. Ncha yake ilikuwa kavu.

Taa ile nyekundu haipimi kiasi cha oili. Inapima presha, na haiwaki mpaka presha iwe imeshaanguka, yaani wakati chuma kimeanza kusagana na chuma. Injini hizi zinabeba lita 4 na ushee. Kati ya alama ya chini na ya juu kwenye kijiti kuna takriban lita moja, kwa hiyo ukifika alama ya chini umeshapoteza karibu robo. Na kwa kuwa silinda za Subaru zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, ukikata kona kali oili iliyobaki hukimbilia upande mmoja na pampu ikavuta hewa. Ndiyo maana taa yangu ilipepesa kwenye kona kabla ya kuwaka moja kwa moja. Ile kona ilinionya, nami sikuijua lugha yake.

EJ ya turbo inayokanyagwa hula oili kidogo hata ikiwa nzima. Mimi sasa napima kila ninapojaza tangi mara ya pili, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa imezimwa dakika kadhaa. Nachomoa, napangusa, narudisha, nachomoa tena, nasoma pande zote mbili za kijiti, kwa sababu mara nyingi upande mmoja hudanganya.

Kuna wanaosema nchi ya joto inataka oili nzito, basi weka 20W-50. Sikiliza namba ya kwanza. Ni ya wakati injini imepoa, na oili ikiwa nzito mno asubuhi inachelewa kufika kwenye turbo kupitia mrija wake mwembamba. Oili ya sintetiki ya 5W-40 inafika mapema na bado inabaki na uzito wa kutosha injini ikichemka, tena haigandi kuwa masizi upesi. Soma kitabu cha gari, badilisha kila kilomita 5,000, na nunua kwa wakala unayemwamini maana oili bandia zipo sokoni.

Jambo jingine la oili ambalo wengi hawalijui: mshale wa joto kwenye dashibodi ni wa maji. Ukifika katikati, oili bado haijapata joto lake. Ipe dakika kadhaa nyingine kabla ya kuomba busti, yaani presha ya hewa inayoshindiliwa na turbo.

"Lazima uliache likinguruma dakika tano ndipo uzime"

Magari mengi ya turbo yaliyotoka Japani yalikuja na kile kisaa cha turbo kinachoiacha injini ikiendelea ukiwa umeshachomoa ufunguo. Msingi wake ni wa kweli. Moshi unaopita kwenye turbo ya petroli iliyokanyagwa unaweza kufika nyuzijoto 900, na ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani inaungua na kuacha masizi yanayoziba njia. Lakini turbo za EJ hupozwa na maji pia, na injini ikizimwa maji ya moto hupanda yenyewe kwenda kwenye tangi dogo la juu na ya baridi yakashuka kuchukua nafasi yake, bila pampu.

Kinachotakiwa ni kumaliza safari taratibu. Ukizima palepale kilele cha Kitonga baada ya kupanda kwa nguvu, unaiumiza turbo, hapo kaa dakika moja au mbili kwanza. Ukiendelea kwa mwendo wa kawaida mpaka Ilula kwenye nyanya na vitunguu, turbo imeshapoa njiani, zima ukanunue.

"Ongeza busti kidogo tu, injini ni imara"

Hapa pana uharibifu mwingi, na nitakaa kidogo. Mtu anafunga kidhibiti cha busti cha bei nafuu, au anabana mrija unaokwenda kwenye westigeti, ule mlango unaoruhusu moshi uipite turbo pembeni busti ikishafika kiwango chake. Gari linaruka kama limepewa roho mpya. Baada ya miezi mitatu pistoni ina ufa.

Hewa ikiongezeka, petroli lazima iongezeke kwa kipimo. Injini ikitembea polepole huchoma sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Ikiwa kwenye busti kubwa inataka mchanganyiko mzito zaidi, karibu sehemu 11 hadi 11.5 za hewa, kwa sababu petroli ya ziada hupoza silinda. Pampu na nozeli za kiwandani zina mwisho wake. Ukipita mwisho huo, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda, na petroli inaanza kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Milipuko hiyo ya ovyo ndiyo inayovunja kingo za pistoni zinazoshika ringi, na katika kelele za barabarani huenda usiisikie hata mara moja.

Kompyuta ya gari ina sensa inayosikiliza milipuko hiyo na kuchelewesha cheche ili kuituliza. Wengi wanaitegemea kama mlinzi. Ila sensa hiyo husikia mlipuko ukishatokea, na nafasi ya kuchelewesha cheche ina ukomo.

Kutuni kwa kweli ni kuandika upya ramani ya kompyuta: petroli kiasi gani, cheche lini, busti kiasi gani, kwa kila mzunguko na kila mzigo. Kazi hiyo inafanywa gari likiwa juu ya dayno, mashine yenye roli za chuma inayopima nguvu, huku sensa inayopima uwiano wa hewa na petroli ikiwa imefungwa kwenye ekzosi na fundi akisoma namba kwa macho yake. Ramani ya gari la rafiki yako, hata kama ni la mwaka mmoja na la kwako, ni ya gari la rafiki yako.

Na kabla ya hapo pima afya. Kompresheni ya silinda zote nne zikaribiane. Mipira ya hewa isivuje: ufa mdogo kwenye mpira baada ya turbo unaharibu hesabu yote. Mkanda wa taimingi uwe na historia, maana wa EJ ni wa mpira, hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini ya turbo valvu hugongana na pistoni. Fundi anayekubali kuongeza busti bila kuuliza lolote kati ya haya, mwache.

"Petroli ni petroli"

Injini hizi za Japani ziliandikiwa petroli wanayoiita haioku. Kiwango chake cha chini kisheria ni oktani 96, na pampu nyingi huuza inayokaribia 100. Petroli ya kawaida tunayojaza Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Oktani haimaanishi nguvu. Ni uvumilivu wa petroli kubanwa na kupashwa joto bila kulipuka yenyewe. Gari la STI, Impreza ya turbo yenye nguvu zaidi, lililoshushwa bandarini jana likiwa na ramani ya Japani linafanya kazi kila siku karibu na ukingo wa uvumilivu huo. Kwa hiyo tuni ya kwanza ninayomshauri mtu ni ya kushusha: ramani iandikwe kwa petroli anayoipata kweli, hata kama nguvu itapungua kidogo.

"Turbo haijali mwinuko"

Inajali, ila inaficha. Pwani, presha ya hewa ni kama bar 1. Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 0.82. Tuseme kompyuta inataka jumla ya bar 2 ndani ya injini. Mombasa turbo inaikandamiza hewa mara 2. Nairobi mara 2.4 hivi. Dereva hahisi tofauti kubwa, lakini turbo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Hata pwani, hewa ya nyuzijoto 30 ikikandamizwa mara mbili hupita nyuzijoto 100 kabla ya kufika kwenye intakula, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Intakula ya Subaru iko juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti, na kwenye foleni inapikwa kutoka chini. Ukishatoka kwenye foleni, acha upepo upite kwanza ndipo ukanyage.

Sauti

Mngurumo unaopendwa wa Subaru hautokani na nguvu. Unatokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, moshi unafika kwenye turbo kwa vipindi visivyo sawa. STI za Japani zilipowekewa turbo ya njia mbili na mabomba yanayolingana, mngurumo ulipotea na busti ikawahi kuja.

Vile vile vali inayotoa "pshiii" nje. EJ nyingi hupima hewa mwanzoni kabisa, kabla ya turbo. Ukiimwaga nje hewa iliyokwisha kuhesabiwa, petroli yake inabaki na mchanganyiko unakuwa mzito kila unapobadilisha gia. Vali ya kiwandani inairudisha ndani, na inatosha. Milipuko ya ekzosi ni petroli inayochomwa mahali isipotakiwa, karibu na gurudumu la turbo. Timu za rali zinaikubali kwa sababu zinabadilisha turbo kama sisi tunavyobadilisha plagi.

"Inatoa moshi wa buluu, nunua turbo nyingine"

Labda. Kwanza angalia mpira wa kupumulia wa injini na mrija unaorudisha oili kutoka kwenye turbo. Mmoja wao ukiwa umeziba, oili inakosa pa kwenda na inapenya kwenye turbo iliyo nzima. Angalia pia bolti yenye tundu inayopeleka oili kwenye turbo: kwenye baadhi ya EJ, hasa za lita 2.5, ndani yake kuna kichujio kidogo kama kipande cha chandarua. Uchafu wa oili iliyochoka hukiziba. Nimemwona jirani akinunua turbo mbili ndani ya mwaka mmoja, na zote zilikufa kwa kiu nyuma ya kichujio hicho. Fundi wa tatu alifungua bolti, akaielekeza kwenye jua, akamwita: "Kaka, njoo uangalie." Mwanga haukupita. Wakasafisha mirija, wakamwaga oili iliyokuwa na chembe za chuma, wakaijaza turbo ya tatu oili kwa mkono kabla ya kuwasha. Hiyo ya tatu bado inafanya kazi.